Muulize Baharia: Mto Usiokuwa Mto

Toleo lililopita niligusia kwa sentensi mbili tu kisiwa ninachokaa na binti yangu, Roosevelt Island, huko New York, kilichobanwa kati ya Manhattan na Queens. Nilidhani nimepita. Barua zikamiminika. Nimechagua tano. Zilizouliza mambo ya viza nimeziweka kando, maana mimi nimestaafu kazi ya meli, sijawahi kuajiriwa ubalozini.

*Shikamoo mzee Baharia. Umesema unaishi kisiwa cha mtoni. Mimi nimekulia kando ya Mto Pangani, na najua mto ukikasirika. Je, mvua zikinyesha huko juu hamfunikwi? Na maji yake mnakunywa? — Msomaji, Korogwe*

Marahaba mwanangu. Maji hayo hayanyweki. Yachote kiganjani, onja: chumvi. Ya kunywa hutoka kwenye mabwawa ya milimani, mbali kaskazini, yakapita chini kwa chini mpaka kwenye bomba letu.

Wenyeji wanauita East River, yaani Mto wa Mashariki, na mimi siku ya kwanza niliposimama ukutani niliuamini huo mto. Ilikuwa asubuhi, maji yakienda kusini kwa kasi, yakitoa povu kwenye nguzo za daraja. Nikasema sawa, mto huu washuka baharini. Nikapanda nyumbani, nikanywa chai, nikalala kidogo. Niliporudi alasiri, maji yalikuwa yakienda kaskazini, kwa kasi ileile. Nikacheka peke yangu kama kichaa. Mto gani huo unaopanda mlima baada ya chakula cha mchana?

Mwanangu, huo si mto. Ni mlango wa bahari, mrefu kama kilomita 26, unaounganisha bandari ya New York upande wa kusini na ghuba ndefu ya Long Island Sound upande wa mashariki. Hauna chemchemi, hauna mlima uliouzaa. Una milango miwili tu, na milango hiyo haikubaliani. Bandarini bahari hujaa mapema. Kule kwenye ghuba hujaa baadaye, baada ya muda wa saa tatu hivi, na tena hujaa zaidi: bandarini tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kama mita 1.4, kule ni zaidi ya mita 2. Basi upande mmoja uko juu, mwingine uko chini, na maji yaliyo katikati hayana la kufanya ila kukimbia. Mara nne kwa siku hubadili njia. Wewe wa Korogwe huenda hili halikugusi, lakini mtu yeyote aliyewahi kupiga kasia kwenye mkono wa bahari pale Tudor, Mombasa, au Lamu ananielewa. Pale maji yakijaa huingia, yakipwa hutoka. Hapa huingia kwa mlango mmoja, yakatokea kwa mwingine.

Mwisho wa kaskazini wa kisiwa, maji yetu hukutana na yale yanayopinda kutoka ghubani, mahali panapoitwa Hell Gate, lango la jehanamu. Mkondo hapo hufika maili tano za baharini kwa saa. Zamani palikuwa na miamba chini, na mamia ya meli yalivunjikia hapo. Serikali ilikaa miaka na miaka ikichimba mashimo ndani ya mwamba mkubwa ulioitwa Flood Rock, wakajaza baruti, na tarehe 10 Oktoba 1885 wakaulipua kwa pauni 300,000 za baruti kwa mpigo mmoja. Hata hivyo mpaka leo natazama dirishani, naona tagi ikisukuma tishali la mchanga dhidi ya mkondo: moshi mwingi, injini inanguruma, na nyumba za Queens nyuma yake hazisogei. Dakika kumi. Baadaye nahodha anapunguza moto na kungoja maji yageuke. Huyo nampa heshima yangu. Kuna mwingine hakungoja, huyo sisemi.

Ilifika mahali kampuni moja ikazamisha mashine za kuzalisha umeme upande wetu wa mashariki, mapanga yanayozungushwa na mkondo. Zile za kwanza, karibu 2006, maji yaliyavunja mapanga yake. Wakarudi na yenye nguvu zaidi. Nilifurahi kwa upande wa maji.

Kuhusu mafuriko: mvua si tatizo. Lililoutia mji huu adabu ni bahari yenyewe, Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipoisukuma bandarini mpaka reli za chini ya ardhi zikajaa maji.

*Babu, mimi ni mwanafunzi hapa Bujumbura. Nimeona kwenye mtandao kwamba kisiwa hicho kilikuwa cha wafungwa na vichaa. Rafiki yangu anasema ni uongo wa filamu. Tuamulie. — Mwanafunzi wa historia*

Mjukuu wangu, umeshinda. Mwambie rafiki yako akununulie brosheti.

Kisiwa hiki kimebadili majina kama mtu anayekimbia deni. Walenape, wenye nchi, walikiita Minnehanonck. Waholanzi wakakichukua mwaka 1637, wakafuga nguruwe, wakakiita kisiwa cha nguruwe. Waingereza walipoutwaa mji, kikaangukia kwa kapteni wao John Manning. Huyu bwana mwaka 1673 aliachwa alinde ngome ya New York. Meli za Waholanzi zikaja, akaisalimisha. Mji uliporudi kwa Waingereza wakamshitaki, wakamvunjia upanga kichwani pake mbele ya watu, kwa kumfedhehesha. Alikwenda wapi? Alikuja hapa, akakaa na aibu yake. Kwa hiyo, kabla ya jela yoyote kujengwa, kisiwa kilikuwa kimeshaanza kazi ya kumpokea mtu ambaye mji hautaki kumwona. Baada yake shamba likaenda kwa binti yake wa kufikia, aliyeolewa na Robert Blackwell, na jina Blackwell likadumu zaidi ya miaka 200. Nyumba yao ya mbao ya 1796 ingalipo, ndogo, imepakwa rangi nzuri, iko katikati ya magorofa kama bibi kizee aliyekaa kwenye foleni ya vijana.

Mwaka 1828 halmashauri ya mji ilikinunua kwa dola 32,000. Gereza likafunguliwa 1832. Hospitali ya wagonjwa wa akili 1839. Nyumba ya kazi ngumu kwa walevi na wazururaji. Makazi ya maskini. Hospitali ya ndui, 1856, kusini kabisa, mbali na pua za watu. Hesabu mwenyewe: mhalifu, kichaa, mlevi, fukara, mwenye ndui. Na wafungwa ndio walioyachonga mawe. Kisiwa chote kimekalia jabali gumu la kijivu. Walilivunja kwa nyundo, wakajenga kuta zilizowafungia wao, na hospitali, na mnara wa taa wa 1872 ulioko ncha ya kaskazini, mita 15 kwenda juu, ambao bado upo na ambao mimi hupenda kukaa chini yake. Kuhusu mnara huo husimuliwa kwamba palikuwa na mgonjwa wa akili aliyejijengea ngome ya udongo hapo, akiwangoja Waingereza waje kuvamia. Walimwacha ajenge. Mimi, kwa ujuzi wangu wa Hell Gate, nasema chaguo lake la mahali halikuwa la kichaa hata kidogo.

Sasa la filamu. Mwaka 1887 mwandishi wa gazeti, msichana wa miaka 23 aliyejulikana kwa jina la kalamu Nellie Bly, alijifanya ana wazimu. Polisi, hakimu na madaktari wote waliamini, wakamleta hapa. Alikaa siku kumi. Aliona wanawake wakimwagiwa maji ya barafu kichwani, mmoja baada ya mwingine katika maji yaleyale, chakula kimeoza, wamekalishwa kwenye mabenchi kutwa bila kuruhusiwa kuzungumza. Alipoacha kujifanya na kusema kama mtu timamu, ndivyo walivyozidi kumwona kichaa. Lakini lililonigusa mimi ni lingine. Kati ya wagonjwa alimkuta mwanamke Mjerumani ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kutojua Kiingereza. Hakuna aliyemtafutia mkalimani. Nilisoma hilo nikaweka kitabu chini. Nilifika bandari nyingi nikiwa na maneno kumi ya lugha ya watu, mjukuu wangu, na mara mbili polisi walinishika. Ningezaliwa mapema kidogo, na kama mdomo wangu ungekuwa mkali kama ulivyokuwa, Allah ndiye ajuaye.

Habari za Nellie Bly zilipotoka, mji uliongeza fedha za wagonjwa. Desemba 2021 walimwekea sanamu pale karibu na mnara: nyuso kubwa za wanawake, za shaba, na yake moja ya fedha inayong'aa. Watoto hujitazama humo wakitoa ulimi.

Gereza nalo liliendelea kuoza. Januari 1934 mkuu mpya wa magereza alilivamia ghafla asubuhi, akakuta wakubwa wa magenge ndio wanaotawala ndani. Mmoja wao alikuwa akifuga njiwa. Wafungwa wakahamishiwa kisiwa cha Rikers, humuhumu East River, na jela la huku likabomolewa. Unaona? Hawakuacha desturi, walibadilisha kisiwa tu. Rikers iko mpaka leo.

Jengo la wagonjwa wa akili limebakia sehemu yake yenye pembe nane, na tangu 2006 ni mlango wa kuingilia magorofa ya kupangisha. Niliwahi kualikwa chai kwa jirani mmoja humo. Ngazi yapanda kwa kuzunguka, nyeupe, hewani kama haikushikiliwa na kitu. Mtoto alikuwa akiteremka na skuta kwapani, anaimba. Hospitali ya ndui ni gofu, imeegemezwa vyuma isianguke, usiku inapigwa taa. Hapo karibu kuna paka wanaolishwa na kupigwa sindano na wenye huruma, wamenona kuliko wa Mji wa Kale kule Mombasa, na wana dharau ileile.

*Asalaam aleikum Mzee wetu. Sisi huku Likoni twajua adha ya kuvuka. Nyinyi mwavuka vipi? Msije mkawa na feri nzuri kutuliko! — Mpiganaji wa Feri*

Waaleikum salaam, ndugu yangu wa Likoni. Swali hili ndilo nililokuwa nikilingoja. Mimi ni mtoto wa Mombasa, nimezaliwa kisiwani. Najua daraja la Nyali lilipokuwa likielea, kabla ya hili la 1980, na najua feri. Kwangu mimi kisiwa hakielezwi kwa ukubwa wake. Hiki chetu, hata hivyo, kina urefu wa kilomita tatu na kidogo, na upana usiofika mita 250. Barabara kuu ni moja, na yaitwa hivyo tu, Main Street.

Kisheria sisi ni watu wa Manhattan. Lakini daraja la gari ni moja tu, lililofunguliwa 1955, nalo laja kutoka Queens. Hili nililijua kwa uchungu. Nilipohamia 2011 nilikuwa na kasha langu, la mninga, lenye misumari ya shaba, lililokuwa la marehemu mama. Lilikuja kwa meli salama salimini kutoka Mombasa. Nikalipa kampuni moja ya kuhamisha mizigo, jina naliweka moyoni, ilete mpaka mlangoni. Dereva akaona anwani imeandikwa New York, akaenda Manhattan, akafika ukingoni mwa maji. Kisiwa hicho hapo, anakiona, hata madirisha angeweza kuyahesabu. Njia hakuna. Akapiga simu akifoka kana kwamba mimi ndiye niliyeweka maji. Kisha akaliteremsha kasha kando ya njia, chini ya Daraja la Queensboro, akaenda zake.

Daraja hilo, ndugu yangu, limepita juu ya vichwa vyetu tangu 1909 na halina habari nasi. Zamani walau palikuwa na jengo la lifti: gari lilisimama katikati ya daraja, likaingia ndani ya lifti, likateremshwa na mizigo na wagonjwa mpaka chini kisiwani. Lilibomolewa 1970. Mimi nilifika nimechelewa miaka 41.

Binti yangu akaniambia, "Baba, tulipandishe tramu." Tramu yetu ni chumba kinachoning'inia kwenye nyaya. Ilianza Mei 1976, kwa kuwa watu walikuwa wameshahamia na treni waliyoahidiwa haijafika. Treni yenyewe ilikuja Oktoba 1989, na kituo chake kiko chini kama mita 30. Ngazi za umeme zikiharibika, utajua umri wako. Tramu nauli yake ni ileile ya treni. Watu mia na ushee husimama ndani, na safari ni dakika nne tu. Tulilikokota kasha, mimi mbele, binti nyuma na kijana mmoja tusiyemjua kati, mtu wa tramu akatutazama, akatazama kasha, akafungua mlango. Chumba kikaondoka. Kwanza chapaa pole juu ya magari ya Second Avenue, unaona watu wanakula madirishani. Halafu kikafika juu kabisa, mita 76 juu ya maji, kando ya daraja lililotukataa. Nikakalia kasha la mama yangu hewani. Chini meli ndogo yaenda kusini. Sikuwahi kuwa juu ya mlingoti mrefu hivyo.

Aprili 2006 tramu hiyo ilikwama hewani na watu 69 kwa saa nyingi mpaka usiku. Baadaye ikajengwa upya, ikarudi Novemba 2010, na sasa kila chumba chajitegemea. Tangu 2017 tuna boti za abiria pia. Ni nzuri, ndiyo, nisamehe. Ila hazipigi honi kama ya Likoni, na hakuna anayeuza mahamri.

La kuongeza: Septemba, wakuu wa nchi wanapokutana Umoja wa Mataifa, majengo yake yako ng'ambo tu ya ncha yetu ya kusini, mkondo wa magharibi hufungwa kwa meli. Zote hupitishwa upande wetu wa mashariki, na daraja letu la pekee huinuliwa kwa lifti zake, magari yakangoja. Marais wanahutubia, sisi twakosa maziwa. Wafanyakazi wengi wa Umoja wa Mataifa wanakaa huku, binti yangu mmoja wao. Hata Kofi Annan alikuwa mkazi wa kisiwa hiki kabla hajawa Katibu Mkuu 1997. Kwa hiyo dukani utasikia Kifaransa, Kiarabu, Kihindi, na Ijumaa moja nilisikia mtu nyuma yangu akisema kwa simu, "Kata, nakupigia mimi." Nikageuka kama nimeitwa jina.

*Ami, nipo Muscat, nimejaaliwa. Nataka kununua kiwanja hapo kisiwani nijenge. Bei gani? — A.S.*

Ami, weka pesa yako. Ardhi ni ya mji, na jimbo lilikodishiwa mwaka 1969 kwa miaka 99, mpaka 2068. Kiwanja hakiuzwi, ni fleti tu. Wasanifu majengo Philip Johnson na John Burgee ndio waliopanga mji huu mpya, wakazi wa kwanza wakaingia 1975, na walitaka magari yaachwe kwenye gereji kubwa pale darajani. Taka huwezi kuziona: watupa mfuko kwenye tundu, nao wafyonzwa kwa upepo ndani ya bomba kwa kasi ya karibu kilomita 100 kwa saa. Usiku mwingine nausikia ukutani, kama mtu anayevuta pumzi. Hilo jingine, la kujenga, Mola akupe penginepo.

*Mjomba, kuna samaki hapo? Na wanalika? — Mvuvi, Kigoma*

Wapo. Kuna mmoja mkubwa mwenye mistari mbavuni, hupita majira ya kuchipua na ya kupukutika majani. Ila huko chini matopeni zimelala kemikali za viwanda vya zamani, na idara ya afya imekuwa ikionya kuhusu kumla, hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mimi ni mzee, nimekula mmoja, kwa nazi. Hakuwa kolekole.

Wavuvi wengi hapa huvua saa yoyote, ndio maana mshipi wao hulazwa na mkondo hadi risasi yakokotwa kama mbwa. Jumamosi iliyopita nilikaa mnarani na jirani yangu, mstaafu, alikuwa akifanya kazi za umeme. Maji yalikuwa yakipwa, mshipi wake umelala kusini. Tulikaa bila kusema. Polepole ukaanza kusimama, mpaka ukawa wima kabisa, na jani lililokuwa likielea likasimama mahali pamoja likizunguka. Nikamwambia, "Sasa." Akanitazama, kisha akatazama simu yake iliyomwambia bado dakika sita. Alipoinua macho, mshipi ulikuwa umeanza kulalia kaskazini.